Nililipiza Kisasi kwa Maini ya Kuchoma

"Sasa hiyo nyama unamletea baba yako, ama unauletea mguu wake?"

Mama aliniuliza hivyo jikoni kwetu kijijini Bahati, nikiwa bado nimeshika mfuko. Leo nakiri: nilikuwa nauletea mguu!

Baba ana gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kikivimba hadi kiatu chake cha gambuti hakiingii. Daktari akamwambia apunguze nyama, hasa maini na figo. Mama akageukia maharagwe, mboga za managu na mukimo wa viazi. Nyama ikawa ya sikukuu. Mzee alinung'unika, lakini muda si muda akaanza kupata usingizi, akarudi kukamua ng'ombe mwenyewe huku akipiga mluzi.

Huo mluzi ulinichoma!

Ni baba huyo huyo aliyemfukuza mchumba wangu mbele ya wazee, eti kwa sababu alifanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha. "Nimesomesha msichana hadi digrii ndio aolewe na mkata maua?" Wazee wakacheka. Mchumba wangu aliondoka bila kumaliza chai. Simu zangu hakushika tena.

Kwetu, mzazi hakatai nyama aliyoletewa na mtoto wake. Kuikataa ni kama kumnyima baraka. Mimi nilihoji kila mila, lakini hii sikuihoji. Niliitumia!

Kila Jumamosi nilipitia buchari mjini Nakuru.

"Boss, nichomee maini na figo. Ni za mzee wangu."

"Siste, huyo mzee amebarikiwa!"

"Sana."

Nyumbani niliketi mbele yake nihakikishe amemeza. Mama akilalamika, nilijifanya msomi: "Ushahidi uko wapi kwamba ni nyama? Hawa madaktari wanatisha watu tu." Ushahidi nilikuwa nao! Nilikuwa nimesoma yote kwa simu, ndiyo maana nilichagua maini.

Mluzi ukanyamaza. Mguu ukavimba, halafu goti. Siku moja nilimkuta akitambaa kwenda zizini. Nilifurahi, jamani! Lakini aliponiona alijikokota akaketi, akapangusa suruali, akasema, "Umekuja, mama? Leta basi tule."

Nyama ile nilimpa mbwa.

Sasa amerudia managu na maumivu yamepungua. Lakini kidole kimekaa upande, gambuti haiingii kabisa, na ng'ombe hukamuliwa na jirani.

Wewe mwenye kinyongo, aliyekukosea mwambie usoni. Usimpikie! Na ukiona mzazi wako amepunguza nyama akaanza kupiga mluzi, tafadhali mwache apige.

Miaka imepita, na ni juzi tu mama aliponiambia. Baba alijua nia yangu tangu Jumamosi ile ya kwanza. Alimwambia mama, "Nikiikataa hiyo nyama, nitakuwa nimemfukuza na yeye pia."