Hostia Haikumuchoma Mama Pétronille

Nisikie mutu tena anamuita Mama Pétronille mulozi, eti muchawi, nitamujibu vibaya. Mimi Virginie, duka langu iko jirani na lake hapa Ntoto, nilikuwepo.

Alikuwa anauza chumvi na sabuni, mama mukimya. Vita ilimukuta Karuba, kwenye soko, akaanguka akikimbia risasi, akavunjika nyonga. Daktari wa Goma akasema mifupa yake imelegea, akamupa vidonge: kimoja kila juma, asubuhi, mbele ya kula. Mama akachagua Jumapili, kwa sababu siku ile hatukulagi kitu mpaka komunio. Anameza, anaenda misa.

Hapo njo shida ikaanza. Kila Jumatatu aliamka macho mekundu, yanamuuma, hawezi kuvumilia mwanga. Mpaka Jumamosi yanatulia, halafu yanarudia. Barthélemy, katekista wetu, akasimama mbele ya wote: "Mwili wa Bwana njo unamuchoma mulozi. Jumapili inayokuja atapokea tena. Macho yakiwa mekundu, ahame."

Barthélemy aibu hana. Watu wakaacha kununua kwake, vijana wakaanza kumurushia mawe. Kilichoniuma zaidi ni Mama mwenyewe kuniuliza, "Virginie, pengine iko kitu ndani yangu?"

Jumamosi risasi zikaanza. Tukakimbilia pori, vidonge vikabaki dukani. Kesho yake padri aliyekimbia pamoja nasi akasoma misa chini ya shitingi, lile turubai la wakimbizi, Mama akapokea. Jumatatu asubuhi wote walikuja kumuchungulia kama nyama ya mutego. Macho yalikuwa meupe.

Bénédicte, muuguzi wa kituo chetu cha afya, akamuuliza, "Mama, ni nini ulikuwa unameza kila Jumapili, na jana haukumeza?"

"Kidonge cha mifupa tu."

"Njo hicho. Kuna watu kinawawashia macho ndani. Usikiguse tena, utapofuka."

Barthélemy alikuwa anasikia yote. Akasema, "Mungu amemuhurumia." Nilitaka kumupiga kofi.

Tuliporudi Ntoto, Mama alipanga mustari wa komunio, jicho la kushoto likiwa limebaki na ukungu wa kile kidonge. Barthélemy njo alikuwa anagawa. Akanyoosha hostia, lakini Mama hakufungua kinywa.

"Angalia macho yangu kwanza, Barthélemy."

Barthélemy hakuinua kichwa. Mama akageuka na fimbo yake, akatoka, akaenda kufungua duka. Mpaka leo, Jumapili wakati wa misa, anauza chumvi.