Mhasi wa Itiryo na Zamu Yake

Kule Itiryo wanasema dume la ng'ombe akimwona Heche anakuja, hurudi nyuma. Kama ng'ombe hukumbuka sura au la, hakuna ajuaye, ila Heche mwenyewe hupenda sana kusikia maneno hayo. Kwa miaka mingi yeye ndiye anayeitwa katika kila boma lenye dume wa kugeuzwa maksai. Anafika na koleo lake la chuma begani, vijana wanamwangusha dume na kumfunga miguu, naye Heche anabana mishipa ya kokwa juu ya ngozi, bila kisu na bila damu. Akimaliza anafuta mikono kwenye nyasi na kuuliza chakula kiko wapi.

"Huyu sasa atavuta plau kama mtoto mpole," huwaambia wenye boma.

Upole huo wa maksai ndio uliokuja kumnyima raha.

Heche ana watoto wanane. Mkewe Mogesi, ambaye watu humwita Mama Boke kwa jina la binti yao wa kwanza, alimzaa huyo wa nane akabaki nusu mfu. Damu ilimtoka mpaka gari la wagonjwa likaja kumchukua. Hospitali walimwokoa, kisha wakamwambia asithubutu kubeba mimba nyingine. Heche aliyasikia hayo akiwa amesimama kando ya kitanda, akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayesimuliwa habari za mvua ya mawe iliyonyesha wilaya nyingine.

Mogesi akaanza kuhangaika peke yake. Vidonge alikatazwa kwa sababu ya presha. Kijiti cha mkononi kilimfanya atokwe na damu kidogo kidogo kila mara, akakosa nguvu za kupalilia mihogo, kikatolewa. Kitanzi kilitoka chenyewe. Mchango wa Heche katika uzazi wa mpango nao ulikuwepo. Kondomu alizijaribu, akasema mkono uliozoea koleo hauwezi kushika vitu laini namna ile. Halafu akakubali kufuata kalenda. Siku salama alizipanga yeye mwenyewe, na siku zote zikawa salama.

Siku moja nesi wa zahanati, Eufrasia, mzaliwa wa Bukoba, akamwambia Mogesi aje na mume wake. Heche alikwenda haraka akidhani kuna vyandarua vinagawiwa.

"Shikamoo baba," alisema nesi. "Karibu ukae. Kuna njia ya uzazi wa mpango ya mwanaume. Inaitwa kufunga mirija ya mbegu. Ni muda mfupi tu, na siku hiyo hiyo unarudi kwako."

Heche alicheka. "Sista, hiyo kazi ni yangu. Wewe utanifundisha mimi kuhasi?"

"Huku si kuhasi, baba."

"Mnabana wapi?"

"Hatubani. Wewe ukibana, damu haifiki tena, kokwa zinakufa, dume anapoa. Sisi kokwa hatuzigusi. Kuna kamrija kanakopitisha mbegu, hako tu ndiko tunakokata na kufunga. Ndevu zinabaki, sauti inabaki, na mambo ya chumbani yanabaki kama yalivyokuwa."

"Kama yalivyokuwa," alisema Mogesi akiangalia dirishani. "Sijui kama hiyo ni habari njema."

Nesi aliinama akatafuta kitu kwenye droo, akakitafuta kwa muda mrefu.

Heche aliondoka akiwa amekasirika. Angenyamaza, mambo yangeishia pale. Lakini alipita kilabuni, akayasimulia kama kichekesho cha nesi asiyejua kazi. Jirani yake Waitara aliweka kikombe chini.

"Mura, ndugu yangu, mimi nina plau nzuri, nimepungukiwa maksai mmoja tu. Ukitoka huko usipotee njia."

Kilabu kizima kilicheka. Heche naye alicheka, ila aliacha kabla ya wenzake. Alikuwa amemkumbuka dume wa huyo huyo Waitara, aliyekuwa akivunja uzio wa watu. Alimhasi yeye mwenyewe. Siku hizi watoto wanampanda mgongoni, wanamvuta masikio, naye anatafuna tu.

Aliporudi nyumbani alimkuta Mogesi anahamisha kitanda chake kwenda nyumba ya jikoni.

"Nini tena, Mama Boke?"

"Dume asiyehasiwa hutengewa zizi lake. Si wewe huwa unawaambia watu hivyo?"

"Mimi si ng'ombe."

"Ng'ombe angekuwa ameshaelewa. Kufa siogopi sana, Baba Boke. Naogopa Boke aachishwe shule alee hao saba. Maana wewe utaoa mwingine kabla matanga hayajaisha."

 

Heche alijipa moyo kwamba mwanamke atachoka. Hakuchoka. Uji aliletewa, maji ya kuoga aliwekewa, lakini mlango wa jikoni ulikuwa na komeo. Na kila alipoitwa kwenye boma la mtu, alipoinamia kokwa za dume, alijikuta amebana mapaja yake mwenyewe.

Madaktari wa kuzunguka wanaofunga mirija walipofika kituo cha afya, Heche alikubali kwenda, ila majirani aliwaaga kwamba anakwenda Nyamongo kuchomelea koleo lililolegea. Koleo akaliacha nyumbani. Alivaa kofia mpaka kwenye nyusi, akapanda bodaboda, na Mogesi akapanda nyingine nyuma yake.

Huyu mtu, siku ya jando, alisimama mbele ya ukoo mzima bila kupepesa kope. Sasa alimwomba nesi Eufrasia, aliyekuja kuwasaidia madaktari, amwite mke wake amshike mkono kabla sindano ya ganzi haijaingia.

"Usiogope mzee, ni maumivu kidogo tu," alisema daktari.

"Najua," alisema Heche kwa sauti ndogo. "Hata mimi huwa nawaambia hivyo hivyo."

Walipomaliza aliuliza kama wameshaanza. Nesi alimpa kondomu za miezi mitatu, akamweleza kwamba mbegu zilizokwisha kupita hazijui kuwa njia imefungwa, kwa hiyo azitumie mpaka kipimo kithibitishe. Tena asibebe kitu kizito kwa siku kadhaa.

Kilichofuata ni Heche kujichunguza. Kila asubuhi alijisikiliza kama upole umeanza kuingia. Mtoto akilia, alijipima kama amekereka vya kutosha. Wiki haijaisha, ng'ombe wa Waitara wakaingia kwenye mahindi yake, naye akafurahi kama mtu aliyepata mgeni. Alikwenda moja kwa moja kwa Waitara akamtukana yeye na ukoo wake, mpaka Waitara, ambaye alikuwa ameshaanza kuomba radhi, akachoka na kumpiga ngumi ya jicho.

Heche alirudi kwake amevimba, anatabasamu.

"Mama Boke, nimegombana."

"Nimesikia. Kijiji kizima kimesikia."

"Kwa hiyo sijapoa."

Mogesi alilowesha kitambaa kwenye maji baridi, akamwekea jichoni. "Hujapoa," alisema. "Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwa na matumaini."

Jioni hiyo alifungua komeo la jikoni akamwita Boke wasaidiane kurudisha kitanda nyumba kubwa. Heche alibaki amekaa kwenye kigoda akiwaangalia wanavyohangaika nacho mlangoni. Nesi alikuwa amemkataza vitu vizito, na katika maagizo yote aliyopewa, hilo alilishika kwa uaminifu mkubwa.