Jicho la Bunduki Halilengi Boga

Sisi tuliokulia Karatu kabla ya lami, vumbi tulilila asubuhi kabla ya uji, na bado tulicheka. Shule niliishia darasa la nne. Sioni aibu kusema, gereji niliyonayo leo haikujengwa na cheti. Lakini kulenga nilifundishwa vizuri sana, shida nilikuwa sisikii.

Baba alituchongea upinde wa mti wa mkole, uzi wake mshipa wa ng'ombe, na mishale ya miti mitupu isiyo na chuma. Upinde mmoja tu! Na sisi tuko wawili, mimi na dada yangu Paskalina, aliyenizidi mwaka mmoja kwa umri na kumi kwa mdomo. Tuliugombania hadi mama akasema atautia motoni apikie ugali. Ndipo baba akakata shauri: Jumapili tukitoka kanisani, boga litaviringishwa mteremkoni, kila mtu mishale mitatu. Atakayelichoma, upinde ni wake, na ndiye atakayelinda mahindi yasiliwe na nyani. Mwingine atachota maji.

Kufukuza nyani! Kwetu hicho kilikuwa cheo cha kutembelea kifua mbele.

Nilianza mimi. Sasa, nilikuwa nimemwona askari wa hifadhi akilenga kwa bunduki, jicho moja kafumba, nikaona huo ndio uanaume. Mama akalisukuma boga lake kutoka juu, huku akilisikitikia. Nikafumba jicho, nikaachia. Mshale ukaanguka nyuma kabisa.

"We Bura!" baba akapiga kelele. "Mbona unalikonyeza boga? Litadhani unataka kulioa!"

"Na mahari hatuna, baba," Paskalina akadakia.

Nikarudia, jicho lilelile, kwa ukaidi tu. Nyuma tena. Baba akanishika kichwa: "Hilo ni jicho la bunduki. Upinde unataka macho mawili. Tena usilenge boga lilipo, lenga linapokwenda."

Mara ya tatu nikafungua yote mawili, nikakazia macho kichaka cha nyasi mbele ya boga. Nikaachia. Mshale ukagusa ganda, ukateleza.

"Nimelipata!"

"Umelikuna," akasema Paskalina.

Akajifunga kanga kiunoni, akatoa macho kama bundi, akavuta uzi hadi shavuni wala mshale hakuutazama. Twa! Boga likaendelea kushuka likipepesuka, mshale umechomoza ubavuni, kama mlevi aliyeng'ang'ania fimbo. Baba alikaa chini kwa kicheko. Mama alicheka hadi akasahau kwamba hilo ndilo lililokuwa chakula chetu. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja, kazi ngumu hiyo, jaribuni. Jioni tulilila boga lenyewe, tunatema vijiti.

Vijana wa sasa wanalenga kwa kidole gumba. Mjukuu wangu akikosa, simu inampa nafasi nyingine hapohapo, kimya, hakuna hata wa kumcheka. Anajiona mshindi, mimi namwonea huruma. Mimi nilipewa ndoo, nikaibeba msimu mzima. Nikiwa kule bondeni namsikia dada yangu juu shambani, anawafokea nyani kwa sauti ya mkuu wa wilaya, nami nacheka peke yangu njiani mpaka nafika nyumbani na nusu ndoo.