Ng'ombe Aliyenichoma Benki

Chekeni tu, lakini mimi nilikuwa natafuta haki yangu. Benki hapa Richfield, Amerika, ilikataa kunifungulia akaunti, eti rekodi zinaonyesha Mary Wanjiku aliwahi kutoroka na deni la akaunti ya benki nyingine. Nikasema huyo si mimi! Sisi Wakikuyu hupewa majina ya nyanya zetu, na binamu yangu wa Maplewood pia ni Mary Wanjiku. Nika-dispute, yaani nikapinga rekodi hiyo, kwa barua mara tatu. Wakakataa. Basi nikamburuta binamu hadi benki iliyokuwa inadai.

"Mwenye deni ni huyu," nikamwambia karani. "Mimi nifutieni jina."

"Wee! Mimi nimeingia Amerika juzi tu!" binamu akalia.

Karani akatuuliza swali la siri ambalo mwenye akaunti aliliweka: mnyama wake wa kwanza kufuga aliitwaje?

"Simba," binamu akajibu. "Mbwa wetu."

Nikagonga meza. "Unaona? Mimi sijawahi kufuga mbwa! Nilikuwa na ng'ombe, Karembo, na hilo jina nilimpa mwenyewe!"

Karani akanigeuzia skrini polepole. Karembo alikuwa hapo, herufi zote saba.