Protection plan ilinirudishia simu, lakini nilikuwa karibu kupoteza sauti ya mzee

Wakuu, niaje. Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu kimya kimya, leo wacha niweke yangu. Sijaongeza chochote. Ningekuwa naongeza, ningejifanya mjanja kidogo, na hapa sikuwa mjanja.

Mimi ni fundi wa rangi, naishi Kabiria. Mzee wangu anakaa na sisi tangu atoke Vihiga kuja kufanyiwa operesheni ya koo. Daktari alituambia mapema: atapona, lakini sauti haitarudi.

Siku moja kabla ya operesheni nilimrekodi kwa simu. Dakika kumi na moja. Aliwaita wajukuu wake mmoja mmoja kwa jina, akamwambia kila mmoja lake.

Hiyo recording sikuituma mahali popote. Kila siku nilisema nitatuma, bundles za internet zikiisha naahirisha.

Simu yenyewe nilinunua duka moja tao, katikati ya mji, na laini yake ya prepaid, halafu wakaniongezea protection plan, ile bima ya simu. Nilisaini bila kusoma. Nilichosikia ni kwamba ikianguka watanishughulikia.

Na ikaanguka. Nilikuwa juu ya ngazi Kitisuru, napaka ukuta, ikateleza mfukoni ikapiga cabro, yale matofali ya chini. Nusu ya chini ya screen ikawa nyeusi, touch ikakufa kabisa.

Niliacha brashi kwa ndoo, nikaenda tao na nguo za kazi.

Dada wa kaunta, anaitwa Mercy, aliangalia risiti, akaangalia simu.

"Uko sawa," akasema. "Plan yako inacover kuanguka. Utapewa ingine kama hii. Hii inabaki kwetu."

"Na vitu ziko ndani?"

"Zinafutwa. Ulifanya backup?"

Nikatikisa kichwa.

"Plan ni ya simu. Vitu za ndani hazimo." Akanisukumia fomu. "Saini hapa."

Nilishika biro. Nikaiweka chini. Nikaishika tena. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikachukua simu yangu nikatoka.

Wakuu, nilizunguka ile block mara mbili, sijui naenda wapi. Kila hatua naitoa mfukoni naiangalia, kama mtu anayebeba mgonjwa.

Mwishowe nikapanda ngazi za jengo moja la mafundi wa simu. Kibanda cha kwanza kilikuwa cha mama wa makamo, Wanjiru.

"Niwekee screen," nikamwambia.

Aliigeuza. "Iko na plan ya duka?"

"Iko."

"Basi nikiifungua, plan imeisha. Watajua imeguswa." Akaniangalia vizuri. "Wewe unataka simu, ama unataka kitu iko ndani?"

Nikamwambia kuhusu mzee. Ilinitoka yote, hata vitu hakuuliza.

Hakufungua simu. Alichukua kawaya kafupi, akachomeka mouse ya computer kwa tundu la charger. Kamshale kakatokea kwa ile nusu nzima ya screen.

Shida ni kwamba namba za PIN zilikuwa upande mweusi. Tukawa tunabonyeza kwa kukisia. Tukakosea, tukakosea tena, simu ikagoma ikatuambia tungoje. Nilikuwa nyuma yake, nakaa, nasimama.

"Keti," akasema. "Unanitetemeshea meza."

Mara ya sita ikafunguka. Akatafuta ile file, akaibonyeza kuhakikisha, akazima redio yake.

Mzee akaanza kuongea pale kibandani. Wanjiru aliicopy kwa computer yake, akaituma kwa ndugu yangu na kwa mke wangu, halafu akanirudishia simu na mikono miwili.

Nilirudi kwa Mercy kabla wafunge. Safari hii nikamwomba tusome karatasi ya plan pamoja. Kumbe nilikuwa na siku saba za kupeleka simu tangu ianguke. Hakukuwa na haraka yoyote. Na iliandikwa kuwa fundi wa nje akiifungua, plan inakufa.

"Hukuniambia," nikasema.

"Hukuuliza," akasema, bila ubaya. "Lakini ningekuambia. Pole."

Nikasaini. Wiki iliyofuata nikapata simu nyingine.

Nyumbani nilimwekea mzee ile recording. Alisikiza dakika zote kumi na moja, macho chini. Halafu akavuta daftari analotumia kuongea nasi, akaandika: Kumbe nilikuwa naongea sana.

Akacheka kwa mabega. Mimi nikatoka nje kidogo.

Kile nimejifunza: hizo plan ni poa, yangu ilifanya kazi. Lakini uliza kabla ya kusaini. Inacover nini, siku ngapi, nani haruhusiwi kuifungua, na vitu za ndani zinaenda wapi. Na kitu huwezi kurekodi tena, itume leo. Mimi mpaka sasa naamka naangalia kama file bado iko.

Wewe unayesoma hii na simu ya duka mkononi, karatasi yako inasemaje? Hebu itafute, uniandikie hapo chini.