Kisu Kisichokuwa na Maandishi

Siku moja ya ujana wangu hunirudia, mwanangu, kila nikikuona unageuza kisu kutafuta maandishi. Juzi pale sokoni Sumbawanga ulishika kisu, hukugusa makali, hukupima uzito, ukasoma tu ubapa wake na kumwambia muuzaji, "Akaa, hiki cha Mchina, nitafutie cha Mjerumani." Mimi shangazi yako nikageuka nikatazama pembeni. Unadhani nilichoka na jua? Nilijisikia mwenyewe nikisema maneno yale yale, nikiwa msichana wa rika lako. Sasa keti. Unakwenda kufungua mgahawa wako kule Matai, na mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, kwa hiyo neno hili ni lako.

Miaka ile biashara ndiyo kwanza imefunguliwa. Sisi tuliokulia kwenye foleni za duka la ushirika, ambako sabuni ikifika asubuhi mchana imekwisha, ghafla tukaona maduka ya mjini yamejaa mpaka vitu vinaning'inia darini. Weee! Tulikuwa tunaingia dukani kushangaa tu, tunatoka mikono mitupu na macho yameshiba. Basi siku niliyotumwa kupeleka maharage mjini nikarudi na kisu. Kiling'aa, mwanangu, ungeweza kujitazama meno humo. Ubapani kimeandikwa jina la nchi ya Ulaya. Nikakifunga kwenye kitenge, nikakiweka sandukuni, hata kitunguu sikutaka kikate. Mgeni akija namfungulia asome. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nilikitembeza kijiji kizima bila kujiuliza kwa nini.

Bibi yangu Sabina, mama yake baba, alikuwa na chake. Cheusi, kifupi, mgongo mnene, mpini wa mti umezungushiwa ngozi. Herufi hata moja hakina. Hicho ndicho alichokatia masuke ya ulezi wakati wa mavuno, na kila asubuhi akimaliza sala alikinoa kwenye jiwe lake pale mlangoni, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Nikamwambia, "Bibi, hicho si ukitupe? Cha kizamani hicho." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Nitakitupa siku chako kitakapokata kitu."

Jirani yetu alikuwa Mzee Masanja, Msukuma, aliyehamia kwetu na familia yake na ng'ombe wachache. Watu wengine pale kijijini waliwanung'unikia wafugaji kwamba mifugo yao inamaliza mashamba, na si kwamba walisingiziwa, ilikuwa inakula kweli. Lakini mwaka ule hakuna aliyekuwa na moyo wa kumgombeza Masanja. Binti yake alikuwa amefariki kwa uzazi, akaacha kitoto cha kike, na pale nyumbani ng'ombe mwenye maziwa alikuwa mmoja tu, mwekundu, ana doa jeupe usoni. Mke wa Masanja alikilisha kile kitoto maziwa ya ng'ombe huyo kwa kijiko. Nilikuwa napita pale, nakiona kinavyofumbua kinywa, roho inaniuma.

Asubuhi moja umande haujakauka, yule mwekundu akakata kamba, akaingia shambani kwetu, kwenye maharage mabichi. Alikula kama aliyealikwa. Nilipofika nimeshika kiuno, maneno yangu yote ya ugomvi nimeshayapanga, nikakuta amelala, ubavu wa kushoto umevimba umepita hata mgongo, ulimi nje, macho yamemtoka. Masanja akaja mbio, mkononi ana fimbo tu. Wala hakuyatazama maharage.

"Kisu!" akapiga kelele. "Nipeni kisu, tumbo limejaa hewa! Akifa huyu, mtoto wangu atakunywa nini?"

Nikakimbia nyumbani. Na hapa nisikilize vizuri. Kisu cha Bibi kilikuwa pale mlangoni, juu ya jiwe lake, kimetoka kunolewa. Nilikiona. Nikakiruka! Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikafungua kitenge, nikatoka na changu nimekiinua juu kama niliyebeba msalaba wa maandamano.

Masanja akapapasa ule ubavu, akatafuta pale penye uwazi nyuma ya ubavu wa mwisho, akachoma. Ncha ikagonga ngozi ya ng'ombe ikajipinda. Akachoma tena. Kikajikunja kama kijiko cha bati. Ng'ombe akakoroma, miguu ikaanza kutetemeka, na Masanja, mwanaume mzima yule, machozi yakamtoka mbele yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mara mkono ukapita begani pangu. Ulikuwa mkono wa Bibi Sabina, ameshika kile cheusi. Masanja akakipokea, akakiweka pale pale, akasukuma mara moja. Kikazama. Jamani! Hewa ilitoka ikivuma, inanuka usiniulize, na lile tumbo likaanza kushuka huku tunalitazama. Masanja akachomeka tete, bua lenye uwazi ndani, kwenye tundu lisijifunge. Baada ya muda yule mnyama akavuta pumzi ndefu, akajikusanya, akasimama.

Mwili ulinisisimka, mwanangu. Nilisikia vile ninavyosikia kanisani wakati wa mageuzo, padri anapoinua hostia, kengele inapolia na kila mtu ameinamisha kichwa.

Masanja akapiga goti kwenye maharage yaliyokanyagwa. "Mama, umenizalia mtoto mara ya pili."

"Inuka, baba," Bibi akamwambia. "Na maharage yangu utanisaidia kuyapanda upya." Tukacheka wote, huku tunalia.

Ungedhani nilijifunza. Wapi! Siku ile ile kisimani nilikuwa nahubiri: vitu vya Ulaya takataka, kisu ni cha kwetu Ufipa tu! Habari zikamfikia Bibi. Kesho yake akanishika mkono, akanipandisha mlimani nyuma ya mashamba, mpaka kwenye tanuru la wazee.

Nilikuwa nimelisikia tu. Mnara wa udongo, umenizidi kimo mimi na mwingine juu yangu, nyasi zimeota kileleni, chini matundu meusi. Nikaweka kiganja pale, nikapapasa ule udongo. Humu babu zetu waliyeyusha mawe yakawa chuma! Watu wasiojua kusoma, mwanangu, na mikono hii hii kama yetu.

"Bibi," nikanong'ona, "kumbe kisu chako kilizaliwa humu."

Akanicheka mpaka akaketi. "Hiki? Hiki ni springi ya lori lililovunjika kule mteremkoni. Lori la nchi gani, sijui, na mhunzi aliyeichonga hakuuliza. Chuma cha ng'ambo, moto wa Ufipa, mpini wa mti wa shamba la babu yako, makali yangu mimi ya kila asubuhi. Haya, msomi, kiandike ubapani: kimetengenezwa wapi?"

Akaligonga lile tanuru kwa kiganja. "Na humu humu, udongo mmoja, watu wa ukoo mmoja, siku nyingine kilitoka chuma cha kukata, siku nyingine cha kuvunjika. Nchi ni ile ile. Usikihukumu kisu kwa kwao, Yustina. Kihukumu kwa kazi."

Kile changu alikinyoosha kwa jiwe, na kilikata nyanya na mikate nyumbani kwetu kwa miaka na miaka. Hakikuwa kibaya. Nilikipeleka kwenye kazi isiyokuwa yake, kwa sababu ya maandishi.

Basi usia wangu ni huu. Jina la nchi lisome, si dhambi, wapo watu waliorithishana ufundi na sifa yao si bure. Lakini lisome mwisho. Kwanza uliza utakatia nini. Gusa makali, pima uzito, kipinde kidogo uone kama kinarudi. Na ukishakinunua kinoe, maana kisu bora cha mvivu ni butu tu. Na watu watakaokuja kuomba kazi mgahawani kwako, wapime vivyo hivyo. Usianze kwa kumuuliza mtu kwao wapi.

Maana kile kitoto cha Masanja kilikunywa maziwa ya yule mwekundu, kikakua, kikaolewa na mdogo wangu. Ndiye mama yako. Msukuma upande huu, Mfipa upande ule, umezaliwa mjini: wewe umetengenezwa wapi, mwanangu?

Shika. Ndicho hiki cha Bibi, kimeliwa na jiwe mpaka kimebaki chembamba, lakini kiguse, taratibu, utajikata. Nenda nacho Matai. Mungu aliyempa Bibi Sabina mkono mwepesi akupe na wewe. Jiko lako lisizimike, mgeni asitoke kwako na njaa, na makali yako yawe ya kuokoa.