Jiwe la Kijani la Mama

Juzi nilikuwa nimepanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, katikati ya mji, huko Makiso, tukapita karibu na jengo linalojengwa, nikasikia mashine ya zege ikizungusha kokoto. Nilimwomba kijana aliyekuwa akiendesha baiskeli asimame kidogo. Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Ningemweleza nini? Sauti ile ilikuwa imenirudisha mtaani kwetu Kabondo, nyuma ya nyumba yetu, nikiwa na miaka tisa.

Papa alikuwa fundi wa baiskeli. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha, lakini starehe yake ilikuwa mawe. Jumapili baada ya misa tulishuka mtoni, huko kwenye maporomoko ambako wavuvi hutega mitego yao, tukaokota mawe meupe na ya rangi ya waridi. Nyumbani tuliyatia pamoja na mchanga na maji ndani ya mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, ambao Papa aliutandika mpira wa tairi kwa ndani. Mkebe ulizungushwa na gurudumu la baiskeli kuukuu isiyokwenda popote. Tulikanyaga pedali kwa zamu, wiki baada ya wiki, hadi mawe yakang'aa kama yamelambwa. Jirani mmoja aliamini tunasafisha almasi. Alikuja kila Jumamosi kukanyaga bila kuombwa, na Papa alichukua miezi miwili kabla ya kumwambia ukweli.

Papa alikuwa na sheria moja tu: jiwe laini lisichanganywe na gumu. “Ile ya nguvu itakula ingine,” alisema. Kwa hiyo jiwe la Mama halikuwahi kuingia mkebeni. Lilikuwa malakiti, la kijani lenye mistari, kama yai dogo, zawadi ya dada yake wa Lubumbashi. Papa alikuwa amemwahidi kulisugua kwa mkono, polepole.

Mama alikuwa mfanyabiashara, mzaliwa wa Butembo, na huko ndiko alikokwenda kuchukua bidhaa. Mwaka ule alipoondoka alisema atakaa wiki tatu. Ilipofika ya tano simu yake haikuita tena. Kila asubuhi Papa alifunga karakana akaenda Makiso kuwauliza wafanyabiashara waliotoka upande ule, na kila jioni alirudi akasema, “Bon, kesho.” Chakula kilipoa kwenye sahani. Nilianza kulala na kanga ya Mama usoni, hadi harufu yake ikaisha na ikabaki harufu yangu mwenyewe.

Sijui wazo lile lilitoka wapi. Niliamini kwamba jiwe la Mama likipata kung'aa, atarudi. Kulisugua kwa mkono kungechukua muda mrefu mno, na mimi sikuwa na muda. Nilitoka shuleni, nikalitia mkebeni pamoja na mawe ya mtoni, nikakanyaga. Nilifanya hivyo siku tatu, Papa asipokuwepo, kwa kasi ambayo hakuwahi kuiruhusu. Siku ya tatu miguu ilikufa ganzi. Nilifungua mkebe.

Maji yalikuwa ya kijani. Nilitoa mawe moja moja, meupe, ya waridi, mazima yote. Nikaingiza mkono hadi chini nikapata tope na vipande vitatu vidogo kuliko kucha. Nilimwaga tope lote uani, nikalipapasa kwa vidole nikimwita Mama, kama mtu aliyedondosha mtoto kisimani.

Papa alinikuta hapo. Alikuwa akisukuma baiskeli yake badala ya kuipanda.

“Jiwe ya mama iko wapi?”

“Nilitia mu mashini, Papa.”

Nilingoja kofi. Alilaza baiskeli chini, akachutama matopeni na suruali yake ya kwendea mjini.

“Leta chujio,” alisema. “Tutatafuta.”

Tulichuja tope lile hadi magharibi, tukapanga chembe za kijani kwenye kitambaa. Hazikujaza kijiko.

Siku nne baadaye aliniambia kwamba lori alilopanda Mama lilishambuliwa njiani, na kwamba amekufa. Nilijua papo hapo nani amemuua: aliyelivunja jiwe lake. Sikumwambia mtu. Niliibeba siri hiyo shuleni, kanisani, hata nilipoolewa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipomwungamia Papa.

“Masika, ile siku nilikuwa nimeisha kujua. Batu ba Butembo baliniambia asubui.”

“Sasa juu ya nini ulichuja matope na mimi?”

“Ulikuwa unatafuta kitu,” alisema. “Na mimi nilikuwa na haja ya kutafuta.”

Miaka yote ile nilikuwa nikikumbuka tu kwamba hakunigombeza. Sikuwahi kujiuliza kwa nini siku ile alirudi akisukuma baiskeli yake badala ya kuipanda.